Kompyuta ya ofisini icheze FC 26: tazama wati na kesi kabla ya kutoa hela ya kadi

Jumamosi moja asubuhi mpwa wangu alifika nyumbani na kompyuta ndani ya kiroba, kadi ya picha mkononi. Kompyuta yenyewe ni Dell OptiPlex 7050, ile nyembamba, mojawapo ya zile zinazomaliza utumishi kwenye maofisi ya ng'ambo kisha zikashushwa kwetu kwa makontena. Kadi alikuwa ameinunua jana yake kwa akiba ya miezi minne.

"Shikamoo mjomba. Kadi haiingii."

"Marahaba. Ulipima kabla ya kununua?"

Akanyamaza. Kadi ilikuwa ya kimo kamili, na kesi yake, yaani boksi la kompyuta, inapokea nusu kimo tu. Hata tungelikata bati la kesi, kadi ile ilitaka waya wa pini 8 kutoka kwenye pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, na yake haina waya huo. Muuzaji aligoma kuirudisha. Tulihangaika wiki mbili kumpata mtu wa kubadilishana naye.

Nawaandikia vijana wa aina yake: una kompyuta ya ofisi uliyoinunua used, na unataka kucheza EA Sports FC 26, gemu ya soka, nyumbani badala ya kulipia kila mechi kwenye kibanda cha gemu. Mfano wangu utakuwa OptiPlex 7050 kwa sababu nimezifungua nyingi, lakini HP EliteDesk 800 G3 na Lenovo ThinkCentre za umri huo zinakwenda kwa njia hiyohiyo. Hatua nimezipanga kwa mfuatano ambao hela inatakiwa kutoka. Ndiyo maana kadi, ambayo kila mtu anaikimbilia kwanza, imesubiri hadi hatua ya tano.

Hatua ya 1: Soma mahitaji ya gemu mpaka mstari wa mwisho

FC 26 ilitoka tarehe 26 Septemba 2025. Kima cha chini kilichotajwa na watengenezaji ni prosesa Intel Core i5-6600K au AMD Ryzen 5 1600, RAM ya GB 8, kadi ya GeForce GTX 1050 Ti ya GB 4 au Radeon RX 570 ya GB 4, na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Kiwango wanachopendekeza ni Core i7-6700 au Ryzen 7 2700X, RAM GB 12, na kadi ya GTX 1660 au RX 5600 XT.

Wengi huishia hapo. Endelea kusoma: Windows iwe ya biti 64, kadi ielewe DirectX 12 (programu ya Windows ya kuchora picha za gemu), na Secure Boot (kinga inayohakiki programu kompyuta inapowaka) iwe imewashwa kwenye BIOS, mipangilio ya msingi ya kompyuta. Hilo la mwisho limetokana na ulinzi dhidi ya wachezaji wadanganyifu, na nimeona vijana wakibadilisha kadi, wakiongeza RAM, halafu gemu inagoma kufunguka kwa sababu ya swichi moja ya BIOS isiyogharimu hata senti. Tutaifikia hatua ya tisa.

Hatua ya 2: Ijue kompyuta yako kwa majina kamili

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag, bonyeza Enter. Utaona jina la prosesa, kiasi cha RAM, na kwenye ukurasa wa Display utaona kadi inayotumika. Ukikuta Intel HD Graphics 530 au 630, maana yake picha zinachorwa na prosesa yenyewe, hakuna kadi ya pembeni.

Kisha angalia umbo. OptiPlex 7050 ilitolewa kwa maumbo matatu, na jina moja linawachanganya wanunuzi:

- Micro ni ile ndogo kama kitabu kinene. Haina sloti ya kadi ya picha, na RAM yake ni ya laptopu. Kwa gemu hii, achana nayo.
- SFF ni nyembamba, kama ya mpwa wangu. Inapokea kadi za nusu kimo peke yake. Pawa saplai yake ni ya wati 180.
- MT ni mnara mdogo. Inapokea kadi za kimo kamili, na pawa saplai yake ni ya wati 240.

Kama bado hujanunua kompyuta, tafuta MT. Tofauti ya bei kati yake na SFF huwa ndogo sana ukilinganisha na uhuru inaokupa baadaye.

Na ukiwa dukani, kabla ya kulipa, mwambie muuzaji aiwashe, wewe ubonyeze F2 mfululizo mpaka BIOS ifunguke (HP ni F10, Lenovo ni F1). Ikikuomba nywila, simama hapo. Kompyuta za ofisi mara nyingi huja zikiwa zimefungwa na idara ya teknolojia ya kampuni iliyozimiliki, na bila nywila hiyo huwezi kuwasha Secure Boot. OptiPlex za mezani zina kijampa (kifuniko kidogo cha pini) kwenye madabodi, ile bodi kuu, kilichoandikwa PSWD cha kuifuta, lakini kazi hiyo aifanye muuzaji mbele yako kabla hujatoa pesa.

Hatua ya 3: Tafuta kinachokwamisha

Kama picha zinachorwa na HD 530 au 630, huna haja ya kupima chochote. Kikwazo ni hicho. Lakini kama tayari una kadi ya zamani na gemu inakwama, usikisie. Fungua gemu, cheza dakika kumi, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ijitokeze. Nenda kwenye Performance.

Soma hivi. GPU, yaani kadi ya picha, ikiwa karibu asilimia 100 na prosesa imetulia kwenye 50 au 60, kadi ndiyo imezidiwa. Prosesa ikiwa 100 huku GPU inayumba kwenye 50, tatizo liko kwenye prosesa, na kadi mpya haitakusaidia hata kidogo. Memory ikiwa imejaa hadi ukingoni na Disk iko 100, basi RAM imeisha na Windows inatumia diski kama RAM ya dharura. Hapo ndipo mchezaji anagandia katikati ya kona, sauti ya watangazaji inaendelea, kisha kila kitu kinaruka mbele kwa mkupuo.

Kuna jaribio jingine rahisi. Shusha ukubwa wa picha kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720. Fremu, yaani picha kwa sekunde, zikipanda sana, kadi ndiyo ilikuwa inabanwa. Zisipobadilika, itazame prosesa.

Jirani yangu mmoja alikuwa ameshaazima hela anunue kadi. Tulipopima, kadi yake ilikuwa inafanya kazi kwa asilimia 40 tu. Alikuwa na RAM ya GB 4 na diski ya mzunguko (hard disk). Kwa RAM na SSD (diski isiyozunguka), ambavyo jumla yake haikufika nusu ya bei ya kadi, gemu yake ya wakati huo ikawa laini. Deni akalirudisha siku hiyohiyo.

Hatua ya 4: Hesabu wati

Fungua kesi usome karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai. Usiamini alichokuandikia muuzaji kwenye risiti, soma karatasi.

Sasa hesabu. Prosesa kama i5-6500, i5-7500 au i7-6700 imepangiwa wati 65. Madabodi, RAM, SSD na feni wape wati 30 kwa pamoja. Hiyo ni 95. Sloti ya PCIe inamochomekwa kadi, bila waya wowote wa ziada, inatoa wati 75 na hairuhusiwi kuzidi hapo. Jumla 170.

Kwa MT ya wati 240 umebaki na nafasi nzuri ya kupumua. Kwa SFF ya wati 180 umebakiza 10. Inafanya kazi, kwa sababu si kawaida prosesa na kadi kufika kileleni kwa wakati mmoja, na nimeziona zikidumu. Lakini hapo usiongeze hard disk mbili za mzunguko, wala usichaji simu tatu kwenye USB wakati wa mechi.

Kadi kama GTX 1660 inakula wati 120 na inahitaji waya wa pini 8. RX 570 iko kwenye 150. Pawa saplai za asili za kompyuta hizi hazina waya huo, na hapo ndipo madukani utaonyeshwa kiunganishi kidogo kinachogeuza plagi ya SATA kuwa plagi ya kadi. Kikatae. Pini za 12 V kwenye plagi ya SATA zimetengenezwa kubeba jumla ya ampea 4.5, yaani wati 54. Ukizivuta 75 au zaidi kwa saa mbili za mechi, plastiki inayeyuka. Nimeshika plagi iliyoyeyuka mkononi, ikiwa imeganda na waya kama nta. Mwenye nayo alinusurika kwa sababu alikuwa macho na alinusa mapema.

Je, unaweza kubadilisha pawa saplai nzima? Kwa SFF, hapana, ya kawaida haienei. Kwa MT inawezekana, ila plagi kuu ya madabodi ya Dell hizi ina pini 8, si 24 kama pawa saplai za kawaida, na HP ina plagi yake tofauti tena. Utahitaji waya wa kubadilisha uliotengenezwa kwa modeli yako hasa. Ukijumlisha pawa saplai, waya na kadi kubwa, mara nyingi unakuta bora ungenunua mnara mwingine. Kwa hiyo ushauri wangu kwa kompyuta za ofisi ni mmoja: chagua kadi isiyohitaji waya, ya wati 75 au pungufu.

Umeme wa ukutani nao uhesabu. Unapokatika ghafla na kurudi na mshtuko, kinachoungua kwanza ni pawa saplai, na ikiungua vibaya inaondoka na vingine. UPS (betri ya akiba) ya 650 VA hubeba wati 300 na ushee, inatosha kompyuta hii pamoja na monita kwa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kwa utaratibu. Kama hela haitoshi, angalau pata kidhibiti cha volti, na umeme ukikatika chomoa kabisa mpaka urudi na kutulia.

Hatua ya 5: Sasa kadi

Kwa masharti hayo ya wati 75 na bila waya, zimebaki chache, na hilo linarahisisha uamuzi.

GTX 1050 Ti ya GB 4 ilitoka mwaka 2016 na ndiyo mstari wa chini kabisa wa FC 26. Inacheza, ila hutakuwa na akiba ya nguvu kwa gemu ya mwakani. GTX 1650 ya GB 4, ya mwaka 2019, inaipita kwa kiasi cha kuonekana, na kwa maoni yangu ndiyo kadi ya kununua kwa mwenye bajeti ya kati. Hakikisha ni toleo lisilo na soketi ya waya, kwa sababu baadhi ya watengenezaji waliweka soketi ya pini 6. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024, ina wati 70 na inaikaribia ile GTX 1660 inayopendekezwa. Kama hela ipo, chukua hiyo, na angalia sana iandikwe GB 6, maana ile ya GB 8 ni kadi nyingine inayohitaji waya. RX 6400 ina wati 53 tu na kwa SFF inavutia, lakini imeunganishwa kwa njia nne za PCIe peke yake, na kwenye madabodi za umri huu, zenye PCIe ya kizazi cha tatu, inapoteza sehemu ya kasi yake.

Zote hizo zimetengenezwa pia kwa nusu kimo. Kwa SFF omba nusu kimo, na hakikisha bati fupi la kufungia limo ndani ya boksi. Kisha chukua rula. Pima urefu kutoka nyuma ya kesi mpaka kizuizi cha kwanza ndani, na pima upana: kadi nyingi za nusu kimo zinachukua nafasi ya sloti mbili. Andika vipimo kwenye karatasi uende nayo dukani, uwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi. Mwenye karatasi haongopewi kirahisi.

Kuna jambo limewaliza wengi: kadi bandia. Hizi ni kadi za zamani sana, za kizazi cha GTS 450 au GTX 550 Ti, zilizobadilishwa programu ya ndani ili Windows iziite GTX 1050 Ti. Boksi jipya, feni mpya, jina zuri kwenye skrini, ila gemu haifunguki. Zitambue hivi. Kwanza, tazama matundu ya nyuma. Kuanzia kizazi cha GTX 10, NVIDIA iliondoa uwezo wa kutoa picha kwa VGA, ile plagi ya bluu ya pini 15. Ukiona 1050 Ti yenye VGA, iache mezani. Pili, nenda na programu ya GPU-Z kwenye flashi. Ni ndogo na haihitaji kusakinishwa. Ikigundua ulaghai wa aina hii, inaandika neno FAKE ndani ya mabano mbele ya jina la kadi. Muuzaji mwaminifu hatakuzuia kuifungua.

Kuhusu VGA tena: kama monita yako ni ya zamani yenye VGA pekee, utahitaji kigeuzi cha kutoka DisplayPort au HDMI. Kiweke kwenye bajeti mapema.

Hatua ya 6: RAM na SSD

OptiPlex 7050 za SFF na MT zina sloti nne za RAM aina ya DDR4 ya kompyuta ya mezani. Nyingi zinauzwa zikiwa na kipande kimoja cha GB 8. Ongeza cha pili cha GB 8, ufike 16. Usinunue kimoja cha 16 ukatupa cha zamani: vipande viwili vinafanya kazi sambamba na data inapita kwa njia mbili. Viweke kwenye sloti zenye rangi moja ya vishikio, kama mchoro uliobandikwa ndani ya kifuniko unavyoonyesha. Kasi ikitofautiana, vyote vitafuata kile cha polepole, hakuna kitakachoharibika.

Kwa diski, madabodi hii ina sloti ya M.2 inayokubali SSD ya NVMe, kile kibao chembamba chenye upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Nunua ya GB 500. Ya 256 itakubana, kwa sababu gemu moja tu inataka GB 100, na Windows ina zake. SSD haiongezi fremu ndani ya mechi. Inachopunguza ni kusubiri na kule kuganda kwa ghafla.

Hatua ya 7: Prosesa, pengine baadaye

Core i5-7500 iko karibu sawa na ile i5-6600K ya kima cha chini. i5-6500 iko chini yake kidogo, na bado inacheza. Cheza kwanza. Kama Task Manager inaonyesha prosesa imekwama kwenye 100, tafuta i7-6700 au i7-7700 iliyotumika. Zote zina viini vinne lakini zinabeba kazi nane kwa wakati mmoja, na zinaingia moja kwa moja kwenye 7050. Usikubali kuuziwa ya kizazi cha nane. Soketi inafanana kwa macho, inaitwa LGA 1151 vilevile, lakini haitawaka. Ukibadilisha, futa pesti ya zamani ya kupitishia joto kwa spiriti na weka mpya, tone la ukubwa wa punje ya mbaazi.

Hatua ya 8: Kufunga

Zima kompyuta kwa utaratibu, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Weka kesi mezani, si kwenye zulia. Gusa bati la kesi kwa mkono kabla ya kugusa chochote cha ndani, na urudie kugusa kila unaporudi kutoka kutembea.

Kwa kuwa umeshafungua, toa vumbi. Tumia brashi laini na upulizie nje, uwanjani, huku umezuia feni kwa kidole isizunguke. Kompyuta nyingi za mtumba nilizofungua zilikuwa na blanketi la vumbi kati ya feni na mapezi ya alumini ya prosesa, na hilo peke yake linaipandishia joto.

Ingiza SSD kwanza, kwa mshazari, kisha ilaze na ukaze skrubu yake ndogo. RAM inafuata: linganisha pengo la katikati, bonyeza ncha zote mbili mpaka vishikio vilie "tak". Kadi iwe ya mwisho. Toa bati la kuziba tundu la nyuma, shika kadi kwa kingo, ishushe wima kwenye sloti ndefu ya PCIe ya x16 mpaka ikae sawa kabisa. Ikikuambia hapana, usiilazimishe. Toa, angalia kinachozuia, mara nyingi ni waya. Kaza bati lake.

Waya wa monita uchomeke kwenye kadi, sio pale ulipokuwa kwenye madabodi. Nimepigiwa simu usiku na watu waliodhani kadi imekufa, kumbe waya uko mahali pake pa zamani.

Hatua ya 9: BIOS na Secure Boot

Washa, ingia Windows, bonyeza Windows na R, andika msinfo32. Tafuta mistari miwili: BIOS Mode na Secure Boot State. Ukikuta UEFI (mtindo mpya wa BIOS) na On, ruka uende hatua ya kumi.

Ukikuta Legacy, usikimbilie BIOS. Wauzaji wengi huweka Windows kwa mtindo wa zamani, diski ikiwa imepangwa kwa MBR, mpangilio wa zamani, na ukibadilisha BIOS kwanza kompyuta haitaona Windows kabisa. Nakili mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje. Kisha fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, uandike mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali, andika mbr2gpt /convert /allowFullOS. Diski itageuzwa kuwa GPT, mpangilio mpya, bila kufuta kitu, ingawa nakala uliyoweka ni ya lazima, umeme hauna adabu. Kama umenunua SSD mpya, njia safi zaidi ni kuweka Windows upya juu yake kwa flashi ya GB 8, ukiwa tayari kwenye UEFI.

Baada ya hapo washa upya, bonyeza F2. Kwenye mpangilio wa Boot chagua UEFI. Ondoa tiki ya Enable Legacy Option ROMs, kwa sababu ikiwepo Dell haikuruhusu kuendelea. Nenda Secure Boot, weka Enabled, hifadhi, toka. Rudi msinfo32 uhakikishe imeandikwa On.

Jambo la kujua kuhusu Windows: msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na mpango wa ziada wa masasisho ya usalama kwa watu binafsi unafika 13 Oktoba 2026. Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia rasmi kizazi cha nane, kwa hiyo 7050 haimo. Gemu inakubali Windows 10. Jiandikishe kwenye mpango huo wa ziada, hasa kama kompyuta hiyohiyo ndiyo mnayofanyia malipo na barua za kazi.

Hatua ya 10: Draiva, bando na jaribio

Draiva ya kadi, programu inayoiwezesha Windows kuitumia, ipakue kwenye tovuti ya NVIDIA au AMD wenyewe. Programu zinazojitangaza kuwa zitakutafutia draiva zote kwa mbofyo mmoja zinakuja na takataka.

Gemu ni makumi ya GB, na kwa bando la simu inauma. Kama umeinunua kupitia Steam na una rafiki anayeimiliki pia, pelekeni kompyuta zote mbili kwenye ruta moja. Tangu 2023 Steam inaweza kuhamisha mafaili ya gemu kutoka kompyuta hadi kompyuta ndani ya mtandao wa nyumbani bila kula bando. Anayetuma awashe ruhusa ya uhamisho kwenye mipangilio yake ya upakuaji.

Anza na picha za 1920 kwa 1080, ubora wa kati, fremu zifungiwe 60. Kuzifungia kunaipumzisha kadi, na mchezo unakuwa na mwendo mmoja, jambo linalosaidia kuliko fremu 90 zinazoporomoka hadi 45 kila mpira unapofika kwenye umati. Kwa 1050 Ti shusha ubora wa nywele na wa watazamaji kwanza. Hutaviona ukiwa unakaba.

Cheza saa nzima, kifuniko kikiwa kimefungwa, mahali ambapo kompyuta itakaa siku zote. Fungua GPU-Z pembeni uangalie joto. Kadi ikitulia kati ya nyuzi 65 na 80, sawa. Ikipita 85, sogeza kesi mbali na ukuta, itoe ndani ya kabati la TV, ipe nafasi nyuma na mbele. Jaribio hili lifanye mchana wa joto, saa nane, feni ya chumba ikiwa imezimwa. Kompyuta ya mpwa wangu ilipita usiku vizuri kabisa, mchana wa siku iliyofuata ikafika 88 kwa sababu aliibana kati ya sofa na ukuta. Tuliihamishia juu ya kimeza karibu na dirisha, ikashuka hadi 74, na hapo ndipo ilipo mpaka leo.